Kikao kimekwama: pa kuanza kutafuta tatizo

Fundi wa pikipiki anayejua kazi hafungui injini kabla hajatingisha tangi kusikia kama lina mafuta. Sisi wawezeshaji wa vikundi tunafanya kinyume. Kikao kikilala tunasema "hawa watu hawachangamki", tunawaimbisha, tunawapigisha makofi ya kilo, wanacheka, wanakaa, na kimya kinarudi pale pale kilipokuwa.

Nimeendesha vikao kwa miaka kadhaa: vicoba (vikundi vya kuweka na kukopa) vya akina mama Kibosho na Uru, wakulima wa kahawa, vijana wa bodaboda Moshi mjini, na mara chache upande wa Arusha. Nilichokiona ni kwamba dalili moja huwa na vyanzo vitatu au vinne, na dawa ya chanzo kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine. Ndiyo maana hapa chini kila dalili inayostahili nimeiwekea kipimo kidogo cha kufanya papo hapo, kabla hujaanza kutibu.

Umeuliza swali, watu wote wanatazama chini

Hii ndiyo inayowatesa wanaoanza, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza ondoa chanzo kilicho rahisi kuliko vyote: haraka yako. Mwezeshaji mgeni akiuliza, sekunde tatu zikipita anaona kama saa nzima. Anajibu mwenyewe au anauliza lingine. Jihesabie kimoyomoyo mpaka kumi. Watu wanaofikiri kwa Kichagga na kujibu kwa Kiswahili wanahitaji hizo sekunde.

Kama kumi zimefika na bado kimya, fanya kipimo. Waambie wageukiane wawili wawili, wazungumze dakika mbili juu ya swali lile lile. Halafu nyamaza, usikilize chumba.

Wakivuma kama nyuki, swali ni zima. Kinachowashinda ni kusema mbele za watu. Usiwarudishe kwenye duara kubwa mara moja. Wawili waungane na wawili wengine, wanne wachague jambo moja, mmoja alisemee kundi. Mtu anayeona haya kusema "mimi naona" husema bila taabu "sisi tumeona".

Wakizungumza lakini unachosikia ni msiba wa jana na bei ya mkungu wa ndizi, swali limeeleweka ila haliwahusu. Usilisukume. Waulize wao wangependa kujua nini, hata kama ajenda yako itaumia.

Na hao wawili wawili nao wakinyamaza, basi ama swali halijaeleweka, ama mle ndani kuna mtu wanayemwogopa.

La kutoeleweka lilinikuta kwa wakulima wa kahawa, huko juu mlimani, mwezi wa tisa, watu wanachuma. Niliuliza kama nilivyoandikiwa kwenye karatasi za mradi: "Ni changamoto zipi mnakabiliana nazo katika mnyororo wa thamani wa zao la kahawa?" Kimya. Kuku alipita katikati ya duara akapata watazamaji wengi kuliko mimi. Wawili wawili, kimya pia. Mzee mmoja alimnong'oneza jirani yake kitu kwa Kichagga, jirani akapandisha mabega. Nikaacha karatasi. Nikasema, "Kahawa ikitoka mtini mpaka hela ikufikie mkononi, ni wapi panauma zaidi?" Bibi mmoja alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua hata kichwa. "Mzani," akasema. Baada ya nusu saa nilikuwa na mzani, malipo ya pili yanayochelewa, maji ya kuoshea kahawa yanayogombewa, na vijana wanaotaka kung'oa mibuni wapande parachichi. Watu walikuwa wale wale, na kuku yule yule.

Swali la kikao linatakiwa liwe na kitu cha kushika: mzani, mkono, njia, Jumamosi. "Changamoto", "fursa", "mkakati" ni maneno ya kuandikia ripoti. Na "mmeelewa?" si swali kabisa, jibu lake ni lile "ndiyooo" la darasa la tatu. Uliza hivi: "Mama Neema, ukifika nyumbani ukaulizwa mlizungumza nini, utasemaje?"

Mwenye kuogopwa unamjua kwa macho ya wengine. Kabla mtu hajajibu, anamtazama kwanza yeye. Anaweza kuwa mwenyekiti wa kitongoji, aliyewakopesha nusu ya waliopo, au baba mkwe wa mmoja wao. Binti aliyeolewa kwenye ukoo hatampinga baba mkwe hadharani, na kumwambia "jisikie huru" ni kumtia matatani. Gawa makundi kwa rika na jinsia, kila kundi na kona yake, majibu yaandikwe bila majina. Ila angalia kitu kimoja kwenye vicoba. Wanachama huwa wamegawanywa tayari watano watano, na mwezeshaji huona hayo ni makundi ya bure ya kujadiliana. Kwa mada nyingine sawa. Kwa mada ya marejesho usiyatumie: hao watano wamedhaminiana, na mdaiwa yumo humo humo.

Mmoja anaongea, wengine wamekuwa hadhira

Kipimo: andika alichosema kwenye bango kitita (karatasi kubwa za ukutani) kwa maneno yake mwenyewe, umsomee, umuulize, "Ndivyo ulivyosema?"

Akitulia, alikuwa anataka kusikika tu. Wengi hurudia jambo kwa sababu hawajaona alama yoyote kwamba limepokelewa. Kuandika peke yake kunatibu zaidi ya nusu ya wasemaji wakubwa niliokutana nao.

Akiendelea na jambo jipya, na jingine, huyo ana ujuzi au ana cheo. Mwenye ujuzi, kwa mfano mwalimu mstaafu, mpe kazi ya kuandika. Mtu haandiki huku anahutubia. (Kazi ya kutunza muda usimpe. Ataitumia kuwakata wengine.)

Akirudia lile lile kwa sauti iliyopanda, kuna kidonda, na mara nyingi ni cha siku nyingi, hakina uhusiano na ajenda ya leo. Huyo humalizani naye mbele za watu. Mwambie wazi kwamba baada ya kikao mtakaa, halafu mkae kweli.

Mwenye cheo ndiye aliyenifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mzee mmoja mbele ya kikundi, "Mzee, tuwape na wengine nafasi." Nilijiona nimetetea wanyonge. Alichukua kofia yake akaondoka taratibu, na wanachama saba wakanyanyuka nyuma yake mmoja mmoja. Nilichokuwa sijauliza ni uwanja ule ni wa nani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake.

Siku hizi mtu wa namna hiyo namfuata nyumbani siku moja kabla.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

"Asante. Nina ombi la kesho. Ningependa ufungue kikao, halafu utusikilize sisi wadogo, mwisho utuambie umesikia nini."

Wa mwisho kumwambia hivyo alinitazama kidogo. "Na nikinyamaza mimi, nani atasema?"

"Ndicho ninachotaka sote tukione, mzee."

Alicheka. Kesho yake alifungua kwa sala ndefu, na hilo lilikuwa halali yake, halafu akakaa kimya saa nzima na dakika kumi. Aliposimama mwishoni alitaja kwa majina akina mama wanne na kila mmoja alichosema. Mimi mwenyewe nisingeweza.

Wote wamekubali, hakuna kilichofanyika

Hapa Uchaggani na Umeruni kukubali mbele ya mgeni ni adabu, kama kumkaribisha chai. Usiihesabu kuwa kura.

Sikiliza vitenzi. "Itabidi", "inatakiwa", "tutaangalia" havina mtu ndani. Kipimo ni swali moja: "Jumatatu asubuhi, nani anaamka kwenda wapi?" Akitajwa mtu na akajibu "ndiyo, mimi", mna uamuzi. Macho yakizunguka, hamna, hata kama mikono yote ilikuwa juu.

Kama mikono yote ilikuwa juu, tafuta punje za mahindi. Kikundi kimoja cha wanachama 24 kilikuwa kimekubaliana kununua viti na maturubai vya kukodisha kwenye misiba na harusi. Mikono 24. Miezi miwili, hakuna aliyeuliza bei hata ya kiti kimoja. Nikaweka vikombe viwili nyuma ya mlango, kimoja kina kitambaa chekundu maana yake hapana, kila mtu akapewa punje moja aingie peke yake, afunge mlango. Tulipomwaga mezani, wanaotaka viti walikuwa 9. Waliobaki walikuwa wanasubiri kikundi kivunjwe mwezi wa kumi na mbili, wagawane, wapate ada ya shule ya Januari. Hakuna aliyekuwa ameisema hiyo ada. Mama aliyeleta wazo la viti alikaa kimya, halafu akasema, "Hata mimi nina wawili wa sekondari."

Wakati mwingine chanzo kingine kinakuwa nje kabisa: jambo limeshaamuliwa na viongozi, kikao kimeitwa kulipaka rangi. Ukigundua hivyo, waambie viongozi faragha waliwasilishe kama taarifa. Watu wanasamehe taarifa. Kujadilishwa jambo lililokwisha kuamuliwa hawasahau.

Wanachelewa, halafu wanapungua

Kabla ya kulaumu watu, chukua kalenda yao. Tengeru soko kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Ukiitisha kikao cha akina mama wa jirani hapo Jumamosi, umejialika mwenyewe. Huku Moshi ng'ombe wengi hufungiwa zizini kwenye kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa), majani wanatafutiwa, na anayeyatafuta ni mwanamke, wakati mwingine ni mwendo wa kushuka hadi tambarare na kupanda na mzigo kichwani. Kikao cha saa tatu asubuhi kinamkuta na mundu mkononi. Saa tisa alasiri kinamkuta amekaa.

Na msiba ukitokea kijijini, hakuna kikao. Usijaribu hata kuuliza.

Kama saa na siku ni sawa na bado wanachelewa, kipimo ni kuanza kwa wakati vikao viwili mfululizo, hata mkiwa sita, na kuweka mwanzoni kitu wanachokitaka: kusoma hesabu, kupokea maombi ya mikopo. Tabia yetu ni kutanguliza salamu, utambulisho na neno la mgeni, kwa hiyo mwenye akili anajua akichelewa dakika arobaini hajakosa kitu. Faini naziogopa kidogo. Zinafanya kazi kwa mwenye nazo. Asiye nazo, akiona amechelewa, anageuza njiani kurudi nyumbani.

Posho nayo. Mahali palipopita miradi mingi watu wamezoeshwa bahasha, na ukija bila bahasha mahudhurio yanaporomoka. Hiyo si kasoro ya uwezeshaji wako. Sema ukweli siku ya kwanza kwamba hakuna, na uendelee na wachache waliobaki.

Ugomvi wa fedha

Fupi, kwa sababu kazi yako hapa ni ndogo kuliko unavyodhani. Sanduku la kicoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu ili fedha ihesabiwe mbele ya wote. Sauti zikipanda, omba lifunguliwe, hela ihesabiwe kwa sauti, vijitabu vya wanachama visomwe kimoja kimoja. Mara nyingi ni kosa la kujumlisha. Likiwa si la kujumlisha, omba katiba ya kikundi isomwe kipengele husika, na asome mwanachama, si wewe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vimewekwa daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo katiba haiko mbali; huwa iko nyumbani kwa katibu, chini ya godoro.

Usitoe hukumu. Niliwahi kuitoa mara moja, nikampa haki mtu aliyelia. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba aliyelia ndiye aliyechukua.

Mada inaruka, watu wanasinzia, simu zinalia

Mada ikiruka, bandika pembeni karatasi yenye kichwa "Viporo". Kila la nje ya ajenda linaandikwa pale, na dakika kumi za mwisho ni za kupasha viporo. Usipovipasha, mara ya pili hakuna atakayekubali la kwake liandikwe huko.

Usingizi baada ya chakula ni ugali, usijichukulie kibinafsi. Mada yenye kuchora na kutembea iwekwe saa nane, mada ya kusikiliza iwe asubuhi. Kichangamsho cha kuruka kama chura usimpe bibi mwenye magoti.

Simu: mwachie anayeuguliwa au mwenye boda yake barabarani.

Mwezeshaji ndiye anayeongea zaidi ya wote

Hii dalili mwenyewe huioni, kwa hiyo kipimo chake kinahitaji mwenzako. Akae nyuma na daftari, achore duara la viti, na kila mtu anaposema aweke kijiti kwenye kiti chake. Mara ya kwanza kufanyiwa hivyo, nilikuwa na vijiti 41 na kikundi kizima cha watu 18 kilikuwa na 29. Nilitaka kubisha, lakini vijiti vilikuwa pale.

Chanzo cha kwanza ni woga: ukiongea, hakuna atakayekuuliza usichokijua. Dawa yake ni kujiandaa maswali matano badala ya hotuba ya kurasa tano. Chanzo cha pili ni kudhani umeletwa kufundisha. Hapa nchini tuliwahi kulifanya hili vizuri kuliko tunavyolifanya sasa. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanaokaribia milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Redio na kijitabu ndivyo vilivyokuwa na elimu. Kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanakijiji kama wengine, alifunzwa kuongoza mjadala mpaka watu waamue watafanya nini nyumbani kwao. Hakuwa mtaalamu wa malaria. Vyoo vilichimbwa.

Chanzo cha tatu ni kalamu. Mwenye kalamu mkononi ndiye mwenye kikao, na neno linaloandikwa ndilo linalobaki. Robert Chambers, Mwingereza aliyesambaza sana mbinu shirikishi za vijijini, alikuwa akisisitiza kukabidhi kijiti: mpe mwenyeji kalamu, kaa chini. Jaribu kwa ramani. Wape majivu, majani na punje wachore kijiji chao ardhini, wewe uende ukanywe maji. Ukirudi utawakuta wamepiga magoti, mmoja anafuta mto uliochorwa na mwingine, "hapana, maji yalihama mwaka wa mvua kubwa", na wasiojua kusoma wanabishana sawa na wanaojua. Usiingilie mpaka wakuite.

Unafanya yote na bado mikono inatetemeka

Basi ni uchache wa mazoezi. Arusha iko Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, na Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika; wanaopita huko wanatoka na mbinu nyingi. Ila mkono hautulii darasani. Omba kuongoza jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwenu wiki moja. Omba uandike muhtasari kwenye kikao cha harusi, pale wanapogombania idadi ya kreti za soda. Halafu uongoze na mwenzako, yeye saa ya kwanza, wewe ya pili, mkabidhiane vijiti vya daftari mwishoni bila kubembelezana.

Mimi naandika kwenye daladala wakati wa kurudi, kabla haijafika mjini, mambo matatu tu: nani hakusema, swali gani lilikufa, na nilikatiza nani. Ukurasa wa juzi: "Mama wa karibu na mlango, sweta la kijani, hakusema. 'Uendelevu' imekufa, tafuta neno. Nimemkatiza katibu mara mbili. Wiki ijayo nikae upande wa mlango."